Bahari inameza CO2 yetu (hewa ya ukaa), lakini inaiweka wapi? Uzi kwa watu wa Kivu (mrefu, vumilieni)

mwalimu_kemia_goma

Bandugu wa Goma, Bukavu, Lushi na popote mlipo, naanza huu uzi juu kila mara mada ya klima ikitokea humu kuna mtu anasema "aa bahari itameza yote, ndio kazi yake", na mwingine anajibu "sisi bahari haituhusu, tuko bara kabisa". Zote mbili zinaniuma. Bahari kweli inameza, tena inameza sana, ila kumeza sio kufuta, na kama kuna watu duniani wanaopaswa kuelewa hiyo tofauti ni sisi tunaolala pembeni ya ziwa Kivu, lililojaa gazi chini yake. Nitaandika kwa vipande, mkiwa na swali ingieni katikati.

Hesabu kwanza. Binadamu tunatoa hewani kama tani bilioni 40 za CO2 kila mwaka, ukijumlisha petroli, makaa ya mawe, gazi, simenti na misitu inayokatwa. Kama robo hivi inaingia baharini. Tani bilioni 10, nani anaweza kuiwaza? Basi tuipime na ziwa letu. Chini ya Kivu wataalamu wanakadiria kuna kilometa kyubiki kama 300 za CO2, yaani ukiitoa yote nje ikawa gazi ya kawaida, na metani (gazi inayowaka) kama 60. Hiyo tumeifanya ubaoni na wanafunzi wangu: mita kyubiki moja ya CO2 ina uzito wa karibu kilo 2, kwa hiyo Kivu nzima imebeba kama tani milioni 600. Sasa gawa. Kila mwaka bahari za dunia zinapokea CO2 ya Kivu kumi na sita, kumi na saba hivi. Mwaka ujao tena. Na hilo ziwa moja tu ndilo tunaliogopa usiku.

fundi_katindo

Mwalimu aksanti, lakini mi nauliza, kama bahari iko inameza vile, juu ya nini hewa iko inazidi kuchafuka? Si ingemaliza?

mwalimu_kemia_goma

Swali zuri kaka, na ndilo lilikuwa swali la wanasayansi wenyewe zamani. Wengi waliamini bahari itachukua karibu yote. Mwaka 1957 Roger Revelle na Hans Suess wakaandika kwamba hapana, maji ya juu ya bahari yana kizuizi chake cha kemia, hayawezi kupokea haraka kama tulivyodhani. Mwaka uliofuata Charles David Keeling akaanza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii (volkano kama yetu) na wastani wa mwaka haujawahi kushuka, kila mwaka juu. Kabla ya viwanda hewa ilikuwa na CO2 kama sehemu 280 kwa milioni, leo tumepita 420. Kwa ufupi karibu nusu ya tunachotoa inabaki hewani, iliyobaki inagawanywa kati ya bahari na mimea ya nchi kavu.

Kizuizi chenyewe ni hivi. CO2 ikiingia kwenye maji ya bahari haibaki gazi, inaungana na maji na karboneti iliyomo (aina ya chumvi ya kaboni) inageuka bikarboneti, na hiyo ndiyo sababu bahari ina kaboni mara kama 50 kuliko hewa yote. Lakini karboneti hiyo haijazwi upya kwa mwendo wa magari yetu. Ikipungua, mlango unaanza kuwa mwembamba. Tena bahari inayogusana na hewa ni ile ya juu tu, maji ya chini kabisa yanachukua mamia ya miaka, mengine karibu elfu, kupanda tena juu. Na joto nalo: fungua Fanta iliyolala kwenye jua la Birere na ile iliyotoka kwenye friji, utaona ipi inakurukia usoni. Maji ya moto hayashiki gazi nyingi. Na bahari imeshachukua zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada tulilozalisha, kwa hiyo inazidi kupata joto huku tunazidi kuiomba imeze.

dada_wa_keshero

Mwalimu unaniogopesha. Huku kwetu mazuku (ile CO2 inayotoka ardhini) tunaijua, mtoto wa jirani alipoteza mbuzi wawili asubuhi moja kwenye shimo nyuma ya nyumba, wamelala kama wamesinzia. Sasa unasema bahari ina CO2 kuliko Kivu, je siku moja bahari haiwezi kulipuka sawa ziwa Nyos ya Kameruni?

mwalimu_kemia_goma

Pole kwa jirani yako dada, na waambie watoto wasishuke kwenye mashimo alfajiri wakati upepo haujaanza, ile gazi ni nzito kuliko hewa inakaa chini kabisa, mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie kitu na mtoto au mbuzi anaanguka.

Kuhusu bahari, hapana, haiwezi kulipuka vile. Nyos tarehe 21 Agosti 1986 iliua watu kama 1,700 kwa usiku mmoja kwa sababu maji ya chini yalikuwa yamejaa gazi mpaka karibu na kikomo, yalipovurugwa gazi ikatoka kwa mkupuo. Kwenye bahari kaboni iko karibu yote katika hali ya bikarboneti, imefungwa na kemia, na imetawanyika kwenye maji mengi ajabu. Kivu nayo iko mbali na kile kikomo, ndiyo maana lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliingia mpaka ziwani na tabaka za chini zikatulia, lakini ziwa letu linalishwa gazi kutoka chini, kwenye volkano, na kinacholizuia ni tabaka: maji mazito yenye chumvi yamelala chini, mepesi yako juu, na hayachanganyiki. Chini ya mita kama 60 hakuna oksijeni, sambaza (samaki wetu wadogo) hawashuki huko. Hata kile kituo cha umeme wa metani upande wa Rwanda, KivuWatt, wakishatoa gazi wanarudisha yale maji chini, hawayamwagi juu, kwa sababu wanajua wakigusa tabaka wamegusa kufuli.

Shika hilo neno la tabaka, nitalirudia. Bahari haitalipuka lakini inaweza kurudisha polepole. Mwisho wa enzi ya barafu iliyopita, sehemu kubwa ya CO2 iliyopanda hewani, kutoka kama 190 hadi karibu 270, ilitoka kwenye kina cha bahari, hasa bahari ya kusini inayozunguka Antaktika. Ilichukua maelfu ya miaka. Na ni hiyohiyo bahari ya kusini ambayo leo inafanya kama asilimia 40 ya kazi yote ya bahari ya kumeza CO2 yetu. Yaani mlango uliowahi kutoa ndio sasa unapokea. Mimi hiyo hainiruhusu kulala vizuri.

ibanda_moja

Yaya mwalimu, salamu kutoka Bukavu. Umesema kemia, lakini viumbe je? Nilisikia nyangumi mmoja anafaa kuliko miti elfu, ni kweli ama ni maneno ya mtandao?

mwalimu_kemia_goma

Karibu ndugu yangu. Nyangumi nitamfikia, ila tuanze na wadogo, maana wao ndio wanafanya kazi na hakuna anayewatengenezea bango.

Juu ya bahari kuna planktoni za mimea, hazionekani kwa macho, na peke yao zinafanya karibu nusu ya fotosinthesi (mimea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) yote ya dunia. Nusu! Misitu yetu yote ya Kongo, Amazoni, mashamba, nyasi, kila kitu cha kijani nchi kavu ni nusu ile nyingine. Zinavuta CO2 kutoka kwenye maji, zinakuwa mwili, halafu zinaliwa au zinakufa. Nyingi zinaoza palepale juu na gazi inarudi. Lakini sehemu inazama. Mizoga, vinyesi vya wanyama wadogo, ute, magamba, vyote vinashuka kama chembe nyeupe mchana na usiku kwenye giza la chini. Wanakadiria kama tani bilioni 10 za kaboni zinaondoka tabaka la juu kila mwaka kwa njia hiyo (hapa ni kaboni tupu, sio CO2, msichanganye hesabu). Njiani bakteria wanaila, kwa hiyo inayofika mpaka kulala kwenye tope la sakafu ni kama sehemu moja kwa mia. Iliyobaki inageuka tena CO2, ila iko chini sana, na kurudi juu ni safari ya mamia ya miaka. Huo ndio uhifadhi. Sio ghala lenye ukuta, ni umbali na muda tu.

Halafu kuna wanaobeba kwa miguu yao. Kila jioni jua likizama, wanyama wadogo, krili, samaki wadogo wa giza, wanapanda kutoka mamia ya mita chini waje kula juu, alfajiri wanashuka kujificha. Ni uhamaji mkubwa kuliko wote wa wanyama duniani na unafanyika kila siku. Wanakula juu, wanakunya na kupumua chini, basi kaboni imeshashushwa. Wavuvi wetu wa sambaza wanajua tabia kama hiyo, ndiyo maana wanatoka usiku na taa.

Sasa nyangumi. Mwili wake ni kaboni nyingi, akifa anazama nayo mpaka chini na viumbe vya huko vinaishi kwenye mzoga wake miaka mingi. Akiwa hai kinyesi chake kina chuma, na bahari ya kusini ina njaa ya chuma, planktoni zinaota pale alipopita. Hiyo ni kweli. Lakini hizo namba za nyangumi mmoja sawa na miti kadhaa mimi sizibebi, wataalamu wenyewe wanabishana. Kinachojulikana ni kwamba karne ya 20 viwanda vya uvuvi viliua karibu nyangumi milioni 3. Tuliwaua ili tupate mafuta ya kutengeneza sabuni na siagi ya bandia. Nikifundisha hiyo sehemu darasani huwa kunakuwa kimya.

kipushi_zamani

Mwalimu niko Lushi, nafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, sisi asidi ni mkate wa kila siku. Tukimaliza kuosha udongo na asidi tunaweka chokaa maji yatulie. Sasa nauliza, watu wanasema bahari inakuwa asidi. Si wamwage chokaa tu?

mwalimu_kemia_goma

Mzee umeleta jambo zito. Acha nianze na kitu ambacho kila mtu humu anaweza kufanya nyumbani. Chukua chokaa ya kupaka ukuta, koroga kidogo kwenye maji, acha itulie, mimina yale maji safi ya juu kwenye glasi. Chukua mrija upulize pumzi yako ndani, polepole (usivute! chokaa inachoma mdomo). Maji yatageuka meupe kama maziwa. Hiyo ni CO2 ya mapafu yako imegeuka karboneti ya kalisi, jiwe lilelile la magamba ya konokono na matumbawe. Wanafunzi wengi wanasimama hapo wanapiga makofi. Mimi nawaambia endeleeni kupuliza. Wanapuliza mpaka wanachoka, halafu ule weupe unaanza kupotea, maji yanarudi kuwa angavu. CO2 imezidi, na ile ile iliyotengeneza jiwe sasa inaliyeyusha na kuligeuza bikarboneti.

Ndicho kinachotokea baharini. Kipimo cha pH (kikishuka, asidi imezidi) cha maji ya juu kilikuwa kama 8.2 kabla ya viwanda, sasa ni kama 8.1. Bado sio asidi kwa lugha ya kiwandani kwako mzee, lakini kipimo hicho kinakwenda kwa kuzidisha na kumi, kwa hiyo ile 0.1 tu ina maana ukali umeongezeka kwa zaidi ya robo. Matumbawe, chaza, na planktoni zinazojenga magamba zinapata shida kujenga, na wengine magamba yao yanaliwa na maji wakiwa hai. Na hayo magamba ni uzito unaosaidia mizoga kuzama haraka.

Chokaa: kuna watafiti kweli wanajaribu, kuongeza chokaa au mawe yaliyosagwa baharini ili ishike CO2 zaidi. Kemia inakubali. Ila wewe unajua chokaa inatoka wapi, unachoma jiwe la chokaa kwenye tanuri, na jiwe lenyewe linatoa CO2 likichomwa, juu yake kuni au mkaa wa tanuri. Usipoikamata ile gazi ya tanuri umejaza ndoo inayovuja. Na kiasi kinachohitajika, mgodi wote wa Katanga haungetosha kubeba.

kipushi_zamani

Nimeelewa. Na ile ya kusukuma CO2 chini ya mwamba?

mwalimu_kemia_goma

Ipo. Norwe kwenye eneo la Sleipner tangu 1996 wanasukuma CO2 kwenye mwamba chini ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini, kwa miaka mingi ilikuwa kama tani milioni moja kwa mwaka. Inafanya kazi. Linganisha na bilioni 40 basi.

ibanda_moja

Yaya, kipande cha "tuko bara haituhusu" hujakigusa. Mimi naona Ruzizi inapita hapa kila siku, inakwenda wapi?

mwalimu_kemia_goma

Nilikuwa nakingojea hicho! Maji ya Kivu yanatoka hapo kwenu Bukavu, yanashuka na mto Ruzizi mpaka ziwa Tanganyika, Tanganyika inatokea Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba inapita Kisangani inakuwa mto Kongo, Mbandaka, Kinshasa, Banana, bahari. Maji mengi ya Tanganyika yanaishia kwenda hewani kabla ya kufika Lukuga, hiyo ni kweli, ila njia ipo, tuko kwenye bonde moja na Muanda, mji wetu wa pwani.

Na kule mwisho kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Mto Kongo ni wa pili duniani kwa wingi wa maji, na mdomo wake haufanani na mito mingi. Kuna korongo linaloanza ndani kabisa ya mdomo wa mto na kuendelea chini ya bahari mamia ya kilometa. Majani, matope, vipande vya miti kutoka msitu wetu havitawanyiki vyote ufukweni, vingi vinaingia korongoni na kushuka. Mwisho wa 2019 mto ulifurika kwa namna ambayo haikuonekana tangu miaka ya 1960, na Januari 2020 tope lililolundikana korongoni likaporomoka chini ya maji, likakimbia zaidi ya kilometa 1,100, likakata nyaya za intaneti za SAT-3 na WACS. Mnaokumbuka intaneti ilivyokuwa nzito kipindi kile, sababu mojawapo ndiyo hiyo. Na lile tope lilibeba kaboni ya msitu wa Kongo mpaka kwenye kina ambako ikifunikwa inaweza kukaa maelfu ya miaka. Msitu wetu unazikwa baharini, kidogo kidogo, bila sisi kujua. Halafu mtu ananiambia bahari haituhusu.

mama_wa_muanda_goma

Nasoma kimya toka mwanzo. Mimi nimeolewa hapa Goma lakini nimekulia Muanda. Mwanangu mwalimu, hukutaja mikoko. Kule kwetu mikoko wanakata kwa makala (mkaa) na kukaushia samaki, nimeona tangu nikiwa mtoto na sasa dada yangu anasema imezidi.

mwalimu_kemia_goma

Mama, aksanti sana, na shikamoo. Nilitaka kuweka mwisho lakini wewe umeiona kwa macho, basi bora.

Kwa wasiojua, Kongo yetu ina pwani fupi, kama kilometa 40 tu, na hapo ndipo kuna mikoko, imelindwa kama hifadhi tangu 1992. Mikoko sio msitu wa kawaida. Kaboni yake nyingi haiko kwenye mti, iko kwenye tope chini ya mizizi, tope jeusi lisilo na oksijeni, jani likianguka linaoza pole pole sana. Ukikata mti na kuacha tope likavurugwa na kupata hewa, kilichokusanywa miaka mia na zaidi kinaanza kutoka. Ni jambo lilelile la kufuli nililosema kwa Kivu, dada wa Keshero utakumbuka: kinachoweka gazi chini ni utulivu, na mkono unaovuruga hauhitaji kuwa mkubwa.

Kwenye pwani ya Kenya, ghuba ya Gazi (hapa ni jina la mahali), wanakijiji wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanauza haki za kaboni (anayechafua hewa kwingine analipa ili mikoko ibaki) za mikoko hekta 117, pesa inakwenda kwenye maji ya bomba na shule zao. Sio pesa nyingi, lakini kamati ni yao na wanajua imenunua nini. Mama, mtu wa Muanda anayekata mikoko anapika nini na kwa moto gani akiacha? Hapa Goma tunajua, kwenye hifadhi ya Virunga tumeambiwa tusikate miaka nenda rudi na makala bado yanashuka kila asubuhi, juu chungu lazima kichemke. Sheria ya 1992 peke yake haichemshi maharagwe.

mama_wa_muanda_goma

Hapo umesema mwanangu. Dada yangu anakausha samaki, ukimwambia acha kuni atakuuliza utampa nini.

fundi_katindo

Mwalimu moja la mwisho. Hii joto, kwenye maziwa yetu inafanya nini? Bahari iko mbali lakini Tanganyika tunakula ndagala (dagaa) zake.

mwalimu_kemia_goma

Hiyo imeshapimwa kaka. Mwaka 2003 watafiti walitoa matokeo ya Tanganyika: ziwa limepata joto, maji ya juu yamekuwa mepesi zaidi, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, kwa hiyo mbolea iliyolala chini haipandi na planktoni zinakosa chakula. Walikadiria uzalishaji wa planktoni umeshuka kama asilimia 20, na samaki wanazifuata. Mvuvi wa Uvira au Kalemie analaumu nyavu ndogo na wavuvi kuwa wengi, na hana makosa, lakini chini ya hayo yote kuna joto.

Na bahari inaelekea hukohuko kwenye sehemu zake za joto. Tabaka likikazana, juu hakupati mbolea, planktoni zinapungua, kinachozama kinapungua. Ndiyo maana nilisema shikeni neno la tabaka. Kivu tunataka tabaka zikae bila kuguswa kwa sababu ya gazi, Tanganyika na bahari tunataka zichanganyike kiasi ili ziishi. Watu wawili humu wameniandikia pembeni wakidhani najipinga, hapana, ni maziwa tofauti yenye hatari tofauti.

Kesho sina masomo ya asubuhi, anayetaka hesabu ya zile Kivu kumi na saba kwa hatua aniambie niiweke hapa. Na mama wa Muanda, ukizungumza na dada yako muulize kama kuna mtu kule anapanda mikoko upya, na kama wanatumia jiko gani kukausha, nataka kulinganisha na majiko ya sambaza ya hapa kwetu yanayokula kuni kidogo.

mama_wa_muanda_goma

Nitampigia jumapili, siku hiyo mtandao unakuwa mwepesi. Nitaandika hapahapa.